Miezi Mitatu ya Kusubiri

Mwezi huu sina soga la saluni wala umbea wa harusi ya mtu. La leo ni langu mwenyewe.

Mimi na mchumba wangu tulikwenda kupima kabla ya ndoa. Dada mshauri akauliza swali la kawaida tu: mara ya mwisho kufanya tendo bila kinga na mtu mwingine ni lini? Mimi nikajibu haraka. Mwenzangu akatazama viatu vyake. "Wiki tano zilizopita." Jamani! Mahari imeshatoka, kadi zimeshachapwa.

Dakika 20 baadaye, wote mstari mmoja, yaani VVU havijaonekana. Lakini tukaambiwa turudi baada ya miezi mitatu. Kile kipimo cha kutoboa kidole hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza kupambana navyo, na askari hao huchelewa kujitokeza.

Usingizi ukanikataa, nikawa nasoma usiku. Ndipo nikakutana na krispa, ule mkasi wa kuhariri vinasaba uliowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Wataalamu wameugeuza kuwa kipimo. Kimeng'enya kinapewa ramani ya kipande cha vinasaba vya virusi. Kikikipata, kinapandwa na wazimu, kinakatakata hata vijiuzi vilivyowekwa pembeni makusudi, navyo vikikatwa vinatoa mwanga. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa California, Doudna akiwemo, walionyesha kwamba kamera ya simu inaweza kuusoma mwanga huo na kutambua virusi vya korona chini ya nusu saa. Na simu ikishapata jibu, kulituma kwa daktari ni kubonyeza tu.

Kwa upande wa VVU kazi bado iko maabara, kwa hiyo usimsumbue muuza duka la dawa. Na siku za mwanzo kabisa hata virusi vyenyewe havionekani. Lakini wiki tano? Hapo kwa kawaida vingekuwa vimeshaonekana. Ningelala na jibu langu usiku uleule.

Nikamsimulia mwenzangu. Akasema, "Mpenzi, hicho kingetusaidia sana."

Nikamwuliza, kingetusaidia sisi au kingekusaidia wewe? Maana tangu 2019 sheria yetu inaruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Angejifungia chumbani, simu ikamwambia yuko salama, jibu likakaa nyuma ya namba ya siri, na mimi ningetembea kanisani nikitabasamu bila kujua lolote. Hakunijibu. Akaenda kuosha vyombo, yeye ambaye hajawahi kugusa sinki.

Bado ninakitaka hicho kipimo, nisidanganye. Alhamisi ijayo tunarudi kwa yule dada. Harusi tumeisogeza mbele, na mama mkwe kaambiwa ni mambo ya ukumbi.