Bekari ya Anfield na hesabu za wanaoipinga

Wanaopinga wananchi kujichanga ili kuokoa majengo ya kale wamesema vya kutosha, na nimewasikiliza hadi mwisho. Sasa msomaji akae kwenye kiti cha hakimu. Kielelezo ni kimoja: Homebaked, bekari ya kona ya Oakfield Road, Liverpool, hatua chache kutoka uwanja wa Anfield. Tangu 2013 chini huokwa mikate na pai, na orofa ya juu imefanywa makazi ya kupangisha.

Dai la kwanza ni kwamba soko lilishaamua. Bekari ya familia ya Mitchell, iliyodumu kwenye jengo hilo hilo takriban karne nzima, ilifungwa kwa kukosa wateja. Wapenda historia, wanasema, wanakata rufaa isiyokuwepo. Hoja hii ingesimama kama wateja wangehama kwa hiari yao. Lakini mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kufufua soko la nyumba, na huko Anfield kufufua kulimaanisha kununua nyumba, kuhamisha watu, kuziba milango na madirisha, kisha kungoja tingatinga. Fedha zilipokatwa, mpango ukafa na nyumba zikabaki zimezibwa. Mwoka mikate aliyeondolewa majirani hakushindwa sokoni. Aliondolewa soko lenyewe. Na siku ya mechi makumi ya maelfu ya mashabiki hupita eneo hilo wakiwa na njaa. Hao nao si wateja?

Dai la pili ndilo turufu yao: gati la starehe la Hastings, mji wa pwani wa Uingereza, lililookolewa kwa michango ya wananchi kisha likafilisika. Tulitendee haki, maana si uzushi. Gati liliungua Oktoba 2010, likajengwa upya kwa pauni milioni 14 hivi, likafunguliwa 2016, likatwaa tuzo ya usanifu ya Stirling mwaka 2017, na wiki chache baadaye likawa mikononi mwa wafilisi. Mwaka 2018 liliuzwa kwa mfanyabiashara wa hoteli, na wananchi wapatao 3,000 wenye hisa wakapoteza fedha zao. Inauma. Ila hisa hizo zilikuwa za kama pauni nusu milioni tu na ushei. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka mfuko wa bahati nasibu ya taifa. Anayelitaja gati kama ushahidi kwamba michango ya wananchi ndiyo iliyoshindwa ameshitaki asilimia nne hivi ya fedha na kuiachia huru iliyobaki. Isitoshe, gati ni jukwaa juu ya nguzo baharini: chumvi inakula chuma kila siku, na hakuna anayeishi juu yake na kulipa kodi mwisho wa mwezi. Bekari yenye wapangaji juu yake inafanana nalo kwa lipi?

Dai la tatu linajikata lenyewe. Asubuhi wanasema hisa za jamii ni mtego, kwa kuwa riba yake ina kikomo na huwezi kuziuza kwa mtu mwingine. Jioni wanasema miradi hii ni sadaka iliyovalishwa nguo za biashara. Chagueni moja. Kanuni ya vyama vya jamii vinavyotoa hisa hizi haifichi kitu: mwanachama mmoja kura moja, awe ameweka pauni kumi au elfu kumi. Aliyefuata faida nono aliingia mlango usio wake, na mlangoni paliandikwa.

Dai kwamba mradi utapandisha kodi na kuwafukuza wenyeji sitalijadili sana, kwani hao hao hudai hakuna anayetaka kuishi pale. Jengo liko chini ya chombo cha jamii kilichoundwa 2012 ili makazi yabaki nafuu.

Linabaki dai la udogo wa mradi, na hapa wana hoja: makazi ya orofa moja hayaponyi mtaa uliobomolewa. Lakini wanaolitoa ndio waliousifu ule mpango mkubwa wa 2002. Walipewa ukubwa wote waliouomba, wakaacha mitaa iliyozibwa. Bekari nayo ilikuwa kwenye orodha ya kubomolewa. Basi makazi yake yalinganishwe na kiwanja kitupu ambacho kingebaki, si na mtaa mzima.