Kabla ya Daraja Lingine, Hesabuni Watu

Wanamageuzi wenzangu, leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za uteuzi na utenguzi, tuongelee foleni. Najua kuna wenzetu watasema foleni siyo siasa. Kwani kuna siasa gani kubwa kuliko kuamua nani apite na nani asubiri? Dar es Salaam uamuzi huo unafanyika kila asubuhi, na mshindi anajulikana mapema: msafara unapita, shangingi linafuata, halafu daladala lenye watu wanaoning'inia mlangoni linasubiri.

Hoja yangu ni moja. Barabara za mjini zinapangwa kwa kuhesabu magari. Siku tutakapoilazimisha serikali ihesabu watu, miradi itabadilika, bajeti itabadilika, na foleni ya kwanza kushughulikiwa itakuwa ya kwako wewe unayegombania gari saa 12 asubuhi.

Tuanzie darasani, maana humu wamo vijana wengi wanaosoma uhandisi ujenzi, wa Mlimani, DIT, MUST na kwingineko. Nyie mnajua zoezi la kuhesabu magari kwenye makutano. Unakaa na karatasi, unachora vijiti. Kwa kuwa magari hayalingani ukubwa, yote yanageuzwa kuwa kizio kimoja, yaani gari dogo. Gari dogo ni 1. Bodaboda ni chini ya 1. Basi ni 2 au 3 hivi, kutegemea kitabu unachotumia.

Kizio hicho hakina ubaya kwa kazi yake. Kinapima nafasi ambayo chombo kinachukua barabarani. Lakini angalia kinachotokea kikiachwa peke yake mezani kwa wakubwa. Coaster lenye abiria 40 linahesabika sawa na magari madogo mawili, ambayo kwa pamoja huenda yana watu watatu. Kwenye jedwali, watu 40 wametoka sare na watu watatu! Ukipanga jiji kwa jedwali hilo, usishangae daladala likionekana ni kero na gari la mtu mmoja likionekana ndiyo maendeleo.

Sasa tufanye hesabu upya, ya kalamu na karatasi tu. Mataa yakiwa kijani, njia moja ya barabara hupitisha gari moja kila sekunde 2 hivi, sawa na magari 1,800 kwa saa kama taa ingebaki kijani saa nzima. Lakini kuna pande nyingine zinasubiri zamu. Chukulia upande wako unapata theluthi moja ya muda. Yatapita magari 600 kwa saa. Weka wastani wa mtu mmoja na nusu kwa kila gari, unapata watu 900.

Chukua njia hiyo hiyo, upana ule ule, uwape mabasi peke yao. Basi refu la mwendokasi, lile la mita 18, linabeba watu 150 hivi. Likipita moja kila dakika, kwa saa ni mabasi 60, yaani watu 9,000. Ili kuwapitisha watu hao kwa magari madogo pale kwenye mataa, utahitaji njia kumi za kwenda upande mmoja. Hizo njia kumi tutaziweka wapi? Tubomoe Manzese yote?

Na kubomoa tunakujua. Mwaka 2017 tuliona nyumba zikiangushwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, watu wakiambiwa wamo ndani ya hifadhi ya barabara, kupisha upanuzi wa Kimara hadi Kibaha. Familia zilibaki na vifusi. Kwa hiyo mtu akisema "tupanue tu barabara", muulize kwanza: kwa gharama ya nani, na kwa faida ya watu wangapi?

Halafu kuna jambo ambalo wataalamu wa usafiri duniani wamelijua kwa miongo mingi: mjini, barabara ikipanuliwa inaita magari mapya. Aliyekuwa anaondoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni sasa anaondoka saa 1. Aliyekuwa anapanda basi anachukua mkopo wa gari. Mwingine anahamia mbali zaidi kwa sababu njia imefunguka. Baada ya miaka michache nafasi imejaa. Kule Houston, Marekani, barabara ya Katy Freeway ilipanuliwa mpaka sehemu nyingine ikafika njia 26, ukihesabu na barabara za pembeni. Kazi iliisha mwaka 2008, ikagharimu dola bilioni 2.8 hivi. Kati ya 2011 na 2014, muda wa safari za asubuhi uliongezeka kwa takribani asilimia 30, na za jioni kwa takribani asilimia 55. Njia 26, jamani! Kama fedha ingeshinda foleni, Marekani isingekuwa nayo.

Nimsemee na upande wa pili, tusije tukaonekana tunapinga kila kitu. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, limetenganisha magari ya Barabara ya Nyerere na yale ya Mandela. Daraja la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa Februari 2021, limefanya kazi kama hiyo kwa ngazi tatu. Malori ya bandarini yanayokwenda Zambia na Congo lazima yapate pa kupita, huo ni uchumi wa nchi. Sina ugomvi na zege.

Ugomvi wangu ni kwamba daraja linatatua makutano mamoja na kuyasogeza magari haraka kwenye makutano yanayofuata. Lina utepe wa kukata, lina picha nzuri ya drone, lina jina la mtu. Kituo chenye kivuli, njia ya waenda kwa miguu isiyokatika, basi la ziada saa 12 asubuhi, hivyo havina utepe. Ndiyo maana vinakosa bajeti. Wakati huo huo, takwimu za Shirika la Afya Duniani zinasema ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ni sisi na wadogo zetu, tunaovuka barabara za njia nane kwa kukimbia.

Njoo kwenye mwendokasi, maana hapo ndipo watawala wetu wanapojisifia. Wazo lenyewe ni zuri na tuliunge mkono bila aibu. Bogotá, Colombia, walianza na TransMilenio mwaka 2000, na dunia nzima ikaenda kujifunza. Sisi awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 21 hivi, ilianza kubeba watu Mei 2016 kwa mabasi 140. Siku zile watu walisafiri Kimara hadi Posta kwa muda ambao hawakuwahi kuuota.

Nini kikaharibika? Karakana ilijengwa bonde la Msimbazi pale Jangwani, mahali ambapo mtoto yeyote wa Magomeni anaweza kukuonyesha maji yanapita wapi. Mafuriko yakaja, mabasi yakaingiliwa na maji. Mabasi yakapungua, abiria wakaongezeka. Na Barabara ya Kilwa ikajengewa njia za mwendokasi mpaka Mbagala, halafu zege likakaa muda mrefu likisubiri mabasi.

Hapa kuna hesabu nyingine ambayo kila kijana wa chama anapaswa kuijua kichwani. Idadi ya mabasi unayohitaji ni muda wa basi kwenda na kurudi, gawanya kwa muda wa kusubiri kati ya basi na basi. Mfano: mzunguko mzima ni dakika 120, na unataka basi kila dakika 1. Unahitaji mabasi 120 barabarani. Sasa mabasi 40 yalale gereji yakisubiri vipuri. Yamebaki 80, basi linakuja kila dakika moja na nusu. Utasema nusu dakika si kitu? Uwezo umeshuka kutoka watu 9,000 kwa saa hadi 6,000. Kila saa inayopita, watu 3,000 wanabaki kituoni. Ukiwaona wanapita madirishani, usiwaite wahuni. Hiyo ni hesabu ya kugawanya imewafikisha hapo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza waziri halipaswi kuishia kwenye kilomita ngapi zimejengwa. Muulize: leo asubuhi mabasi mangapi yametoka gereji? Namba hiyo ibandikwe kila siku, kila kituo, kama bei ya mafuta inavyobandikwa.

Lakini nani atajibu? Hapa ndipo siasa inapoingia kwa miguu yote miwili. Barabara kuu ziko TANROADS, Wizara ya Ujenzi. Barabara za mitaa ziko TARURA, TAMISEMI. Mwendokasi uko DART, TAMISEMI pia. Leseni na nauli za daladala ziko LATRA, Wizara ya Uchukuzi. Trafiki anayezima mataa na kuongoza kwa mkono yuko Mambo ya Ndani. Makutano mamoja, mabosi watano, na hakuna hata mmoja uliyempigia kura. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa inaunganisha manispaa zote za Dar es Salaam ilivunjwa Februari 2021, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu zaidi ya milioni 5.3 halina chombo kimoja cha kuchaguliwa kinachowajibika kwa usafiri wake. Foleni ikikushinda, hujui hata umwondoe nani.

Msimamo ambao nadhani vijana tuubebe ni huu: mamlaka moja ya usafiri kwa Dar es Salaam nzima, yenye bajeti, inayosimamiwa na madiwani na meya waliochaguliwa na wananchi. Na kila mradi wa barabara mjini, kabla ya kupewa hata shilingi moja, uonyeshe hadharani utapitisha watu wangapi kwa saa, siyo magari mangapi. Daraja likishinda kwa hesabu hiyo, lijengwe. Njia ya daladala ikishinda, ichorwe, tena rangi na usimamizi ni bei ndogo kuliko nguzo moja ya daraja.

Hesabu hiyo lazima ifike mpaka nyumbani kwa mtu. Wanafunzi wanafundishwa hatua nne: safari zinazaliwa ngapi, zinakwenda wapi, kwa chombo gani, kwa kupita njia ipi. Ukikaa barabarani tu utadanganyika. Mtu wa Tabata anayekwenda Kariakoo asubuhi anapanda kwanza gari la kwenda Kinyerezi ili ageuze nalo apate siti. Anayehesabu pale barabarani atamwandika kuwa anakwenda Kinyerezi. Konda anajua ukweli, maana amemtoza nauli mara mbili. Na yule aliyeamua kutembea kutoka Buguruni mpaka Kariakoo kwa kukosa nauli, yeye haandikwi kabisa. Mpango usiowaona watu hawa wawili utajenga jiji la watu wengine.

Basi tusisubiri serikali. Kila tawi lenye vijana watatu linaweza kufanya hivi wiki hii. Chagueni kituo kimoja, siku ya kazi, saa 12:30 hadi saa 1:30 asubuhi. Mmoja ahesabu magari madogo na watu waliomo. Wa pili ahesabu daladala, bajaji na mabasi, akikadiria: nusu, limejaa siti, au limesimamisha. Wa tatu ahesabu wanaotembea kwa miguu, baiskeli, na wanaobaki kituoni kila gari linapoondoka. Jumlisheni. Gawanyeni: upande mmoja asilimia ya watu, upande wa pili asilimia ya nafasi ya barabara waliyopewa. Wanafunzi wa uhandisi mliomo humu, hii ndiyo kazi yenu ya chama. Wafundisheni wenzenu kuchora jedwali.

Kisha jedwali hilo lisiishie kwenye magrupu ya WhatsApp. Lipelekeni kwenye mkutano wa mtaa, msomeeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa mbele ya wananchi, ombeni liingie kwenye muhtasari. Nakala mpeni diwani, awe wetu au wao. Akisema barabara yake inahitaji daraja, mwonyesheni namba za watu aliowaacha kituoni, halafu mumwachie kipaza sauti ajibu.