Ngoma ya Mashine Kule Jinja



Maji ya Mto Mara yakishaingia ziwani karibu na Musoma hayabaki hapo milele. Huchanganyika na maji mengine ya Ziwa Viktoria, hata siku moja yatoke kule Jinja, Uganda, mahali Mto Nili unapoanzia safari yake. Vijana wetu nao wameanza kuelekea huko huko, ila wao hupita nchi kavu: Sirari, Kisumu, Busia, kisha Jinja. Hawaendi kutafuta kazi wala shule. Wanakwenda kucheza ngoma siku nne, usiku na mchana.

Mkusanyiko huo unaitwa Nyege Nyege, nami najua kwamba msomaji amekwisha kukunja uso. Kwa Waganda neno hilo lina maana nyingine: hamu ya ghafula ya kucheza, isiyozuilika. Walioanzisha jambo hili mwaka 2015 ni Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni waliofanya makao yao Kampala. Wangaliweza kuchagua jina jingine, nao wasingalipungukiwa kitu. Hiyo ndiyo lawama yangu juu ya jina, tuendelee.

Muziki wa huko mwingi hauna bendi. Hakuna mpiga gitaa wala mpiga tarumbeta. Mtu mmoja husimama mbele ya kompyuta, akakata vipande vya sauti, akavirudia, akaviharakisha, na spika kubwa zikapeleka mlio hata kifuani mwa msikilizaji. Pembeni kuna mto, na watu wa Jinja hupata riziki kwa michezo ya mto huo: kuteremka maporomoko kwa mashua za mpira, au kufungwa kamba inayovutika na kujitupa kutoka juu kuelekea majini. Kwa kifupi, ni uwanja wa michezo, walakini wachezaji wake ni watu wenye ndevu.

Wazee wengi wa kwetu husema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapo naomba tusimame kidogo.

Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alisikitika kwamba wengi wetu tumejifunza rumba, chacha na twisti, lakini hatujui gombe sugu wala mangala. Akaunda wizara ya kuangalia utamaduni na vijana. Sasa tazameni yaliyotokea. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Manzese na Tandale na Mburahati, vijana wasio na fedha ya kununua ala walichukua kompyuta kuukuu na vipande vya taarabu, wakaviendesha mbio mno, wakapata singeli. Mapigo yake hufika 200 hata 300 kwa dakika moja, na moyo wa mtu aliyetulia hupiga 60 mpaka 100 tu! Mwaka 2017 kazi za Studio ya Sisso ya Dar es Salaam zilikusanywa pamoja na kutolewa na watu hao hao wa Nyege Nyege, na mwaka uliofuata Bamba Pana na Makaveli walikwenda kuwachezesha watu Ulaya. Basi leo Mzungu ndiye anayejifunza ngoma ya Manzese. Sisemi ngoma hiyo ni nzuri; masikio yangu huichoka upesi. Nasema ni ya kwetu.

Wala kumchezesha mtu kwa vyombo vya kushangaza hakukuanza jana. Nani wa Mara asiyewajua Wakurya, wanavyocheza wakiwa wamevaa viatu vizito vya mti, na mlio wa iritungu la nyuzi nane ukiwaongoza? Lakini ngoma ile ilikuwa na wenyewe. Mzee alijua nani ameingia uwanjani, ni mtoto wa nani, pombe imefika wapi, na saa ya kuvunja ngoma. Kwenye ngoma ya mashine swali langu ni hilo hilo: mwenyewe ni nani?

Wenzetu wa Marekani wanayo ngoma kama hiyo huko Las Vegas, iitwayo Electric Daisy Carnival. Tangu mwaka 2011 hufanyika katika uwanja wa mashindano ya magari, usiku tatu, toka jua linapotua mpaka linapochomoza, na watu hupita 100,000 kila usiku. Wameweka na magurudumu makubwa yenye viti, yanayopandisha watu hewani kama bembea za watoto, na taa za kila rangi. Aliye chini ya miaka 18 haingii. Lililonivutia mimi si magurudumu hayo, bali ni kwamba maji ya kunywa hutolewa bure, na wapo watu ambao kazi yao ni kupita katikati ya wachezaji kumtazama aliyelemewa. Hayo yana sababu yake. Wako wanaomeza vidonge ili wacheze bila kuchoka. Vidonge hivyo hupandisha joto la mwili, na mtu aliyecheza saa nyingi katika hali hiyo huweza kuanguka akafa, huku jirani yake akidhani amelala.

Ujerumani nako kulikuwa na Love Parade, iliyoanza Berlin mwaka 1989. Tarehe 24 Julai 2010 ilifanyika katika mji wa Duisburg. Watu waliokuwa wakiingia na waliokuwa wakitoka walipitishwa njia moja, kwenye handaki na mteremko wake. Wakabanana, wakakosa pumzi, na watu 21 wakafa. Hawakuuawa na muziki. Waliuawa na mlango mmoja. Tangu siku ile ngoma hiyo haikufanyika tena Duisburg.

Kule Uganda ubishi umekuwa juu ya maadili zaidi kuliko milango. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili, Simon Lokodo, ambaye zamani alikuwa padre, alitangaza kuizuia ngoma ya Jinja; serikali ikairuhusu hata hivyo. Septemba 2022 Bunge nalo likataka isimamishwe. Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akatoa ruhusa kwa masharti, ikachezwa penye maporomoko ya Itanda. Marehemu Lokodo hakukosea kuuliza habari za ulevi na uzinzi. Mzazi naye anayo haki ya kuuliza. Lakini mimi ningependa kuona wabunge wakibishana nusu saa tu juu ya idadi ya milango, vyoo, taa za kando ya mto, na magari ya kuwarudisha watu alfajiri.

Ninyi wazazi wa Bunda na Butiama msiokuwa wabunge, mwulizeni mwanenu maneno mepesi. Unakwenda na nani, na je, nyumbani kwao wanamfahamu? Utalala wapi? Dereva wa kukurudisha atakuwa amelala au naye atakuwa akicheza? Asipojua kujibu la dereva, hajawa tayari kusafiri, hata awe na umri gani. Mkumbusheni hati ya kuvukia mpaka na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na mwambieni kwamba kando ya mto ule hakuna kuogelea usiku, maana mkondo wake si wa ziwa letu. Hata mvuvi hodari wa Musoma hukokotwa.

Maswali hayo hayo yawafae pia wale wanaokodi spika na jenereta kwa mkesha wa harusi hapa kwetu. Uwanja wa shule wenye lango moja na watu mia sita ndani yake ni Duisburg ndogo.

Yuko mama mmoja aliyeniuliza kama auze mbuzi wawili ili kijana wake apate nauli ya Jinja. Nilimjibu hapana. Kijana ana miaka 26 na pikipiki ya kubebea abiria. Mbuzi wabaki zizini.