Anayebeba Kuni na Anayeshika Pesa

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya matangazo ya biashara, na hasa kwa zoea moja la wauzaji wetu: cha jikoni hutangaziwa mwanamke, cha injini, betri au benki hutangaziwa mwanamume. Sipingi kwamba wanawake na wanaume huishi maisha tofauti na huhitaji kusemeshwa tofauti. Ninachosema ni kwamba mgawanyo huu, kama unavyofanywa leo kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, unatazama jinsia ya mtu na kusahau kazi yake na mfuko wake.

Tuchukue jiko banifu. Vijiji vya Mbarara viliwahi kufanyiwa jaribio ambalo kila muuzaji wa ukanda huu angepaswa kulijua. Theresa Beltramo, David Levine na wenzao waliwapa watu jiko la kuokoa kuni waliangalie, kisha wataje bei ambayo wangekubali kulipa. Kundi moja liliambiwa jiko hili linalinda afya, jingine kwamba linaokoa muda na pesa, jingine likaambiwa yote mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hakuna ujumbe hata mmoja uliopandisha bei hiyo kwa namna ya kutegemewa. Kilichoipandisha ni ruhusa ya kulipa kidogo kidogo: waliopewa nafasi hiyo walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 40 zaidi.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa. Mwanamke anayetembea mbali kutafuta kuni, akirudi jioni apulize moto huku macho yanamwasha, hahitaji bango limfahamishe kuwa moshi ni mbaya. Tangazo linamweleza analolijua, na linanyamaza kuhusu linalomzuia. Huko Bangladesh, Grant Miller na Mushfiq Mobarak walikuta jambo la jirani na hili: wanawake ndio waliolitaka zaidi jiko bora, lakini lilipowekewa bei, hata ndogo, hamu yao haikugeuka ununuzi, maana uamuzi wa pesa haukuwa mikononi mwao. Unaweza kumshawishi mtu kabisa na bado asinunue.

Sasa tuingie Nakivale. Makazi haya ya wilaya ya Isingiro yalianzishwa mwaka 1958, na waliotangulia kuyajaza ni Wanyarwanda. Leo humo wamo Wakongomani, ambao ndio wengi zaidi, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Vita na safari vimezipangua familia. Nyumba nyingi zinaongozwa na wanawake: mama ndiye anayepokea pesa ya chakula, anauza vitenge sokoni, anaweka akiba kwenye likilemba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, na tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza msaada mwaka 2023, kila shilingi anaihesabu mara mbili. Tangazo linalomchora akimsubiri mume alete pesa linamzungumzia mtu mwingine. Upande wa pili yupo kijana aliyefika peke yake kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Anapika mwenyewe, ananunua mkaa mwenyewe, moshi wake anaumeza mwenyewe, na hakuna anayemtangazia jiko.

Simu nazo zina mtego wake. Kwa muda mrefu mkimbizi asiye na kitambulisho kinachokubalika alitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ni Agosti 2019 ndipo Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipoelekeza kwamba kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu vitoshe kusajili laini. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini jina lililo kwenye laini bado si lazima liwe la anayeishika. Ukituma ujumbe kwa wateja wa kike kwa kufuata daftari la usajili, unaweza kuwa unawatumia kaka, waume na majirani zao. Kwa tangazo la sabuni hiyo ni hasara ndogo. Kwa ujumbe wa uzazi wa mpango, unaweza kumletea mwanamke ugomvi ndani ya nyumba, na hapo mtangazaji ana dhamana kubwa kuliko ya kuuza.

Tukumbuke pia kwamba tabia tunazodhani ni za kuzaliwa nazo mara nyingi zilifundishwa na matangazo yenyewe. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu Zimbabwe, alionyesha jinsi Lifebuoy ilivyouzwa kuwa sabuni ya wanaume na Lux ya wanawake. Ngozi ilikuwa ile ile. Bango la leo litakuwa mazoea ya watoto wetu kesho, na hilo linanihangaisha kuliko hasara ya mfanyabiashara yeyote.

Kurasa zinazofuata zina mawazo yanayopingana, na nimeyaacha hivyo kwa makusudi. Ila kwa ninyi wenye maduka Mbarara mnaopakia mali kwenda Base Camp, Juru na Rubondo huko Nakivale, nina ombi: kaeni kwanza na wateja wenu, muwaulize nani analipa na analipaje, mfungue njia ya malipo ya awamu. Msanii wa bango aitwe baada ya hapo.