Bastola ya Babu

Hapa Hamriya ipo nyumba yenye bastola kongwe ya kupigia shabaha, na wenyewe husimuliana kuwa ni tunu ya Sayyid Barghash kwa babu yao. Waliponiletea niliisoma chapa yake: Webley & Scott. Kampuni hiyo ya Birmingham iliundwa mwaka 1897, nyumba tatu za mafundi wa bunduki zilipoungana. Sayyid Barghash alifariki 1888. Basi si tunu yake. Babu hakuvunjiwa heshima. Pengine tunu ilikuwa nyingine, hadithi ikahamia kwa hii. Waulizeni wazee wangali hai: aliinunua nani, na wapi? Na chapa msizisugue kwa msasa; zikifutika hapana pa kushika.