Anayemtuma mtoto aende mwenyewe

Marufuku ya viroba, yaani pombe kali ya vifuko, iliyoanza Tanzania Machi 1, 2017 ilisaidia kweli. Vile vifuko mwanafunzi aliweza kuvificha hata ndani ya soksi. Lakini huku mtaani kwetu pombe kali sasa iko kwenye vichupa vidogo, na muuzaji haulizi umri. Atauliza vipi, wakati baba mtu ndiye anayemtuma mtoto grosari akamletee bia, tena chenji abaki nayo? Semina za shuleni kuhusu pombe, tusidanganyane, watoto wanazisinzia. Mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wa nyumba kumi wakae na wenye grosari na akina mama wauza komoni, pombe ya kienyeji: mtoto akija na chupa, arudishwe mikono mitupu. Atakayeendelea kuwauzia watoto atajwe kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya wateja wake.