Walezi wa Miezi Mitatu

Lipo neno jipya katika Kiswahili cha ofisini ambalo mimi nalipenda, ingawa nashuku kwamba waliolileta hawakulifikiria hadi mwisho. Ni neno "kiatamizi". Zamani tulizoea kusikia kuku anaatamia; leo kampuni changa za vijana nazo zinaatamiwa. Kijana mwenye wazo la chombo cha kumsaidia mgonjwa huchukuliwa, hupewa meza, fedha kidogo na mshauri, kisha baada ya miezi mitatu hivi hupandishwa jukwaani akatazamwe na wakubwa. Ni vema. Lakini mtu aliyefuga kuku anajua kwamba zile siku 21 za kulalia mayai ndizo siku nyepesi za mama kuku. Kazi yenyewe huanza ganda linapopasuka: kuparua, kuita, kufunika kwa mbawa, kumrukia mwewe. Kuku anayeondoka siku ile ile ya kuangua, hata kama amepigwa picha na vifaranga wake, hatumwiti mlezi.

Hilo ndilo shitaka langu dhidi ya mipango mingi ya kuwafadhili na kuwalea wabunifu wa vifaa tiba. Nalitoa nikiwa mtu wa chaki, si mhandisi wala daktari. Sehemu kubwa ya maisha yangu niliipitisha katika chuo cha ualimu, na kama kuna jambo moja ninalodai kulijua, ni namna mtu mzima anavyomkuza kijana mpaka aiweze kazi.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja, ambaye mama yake alikuwa mwanachuo wangu, alitengeneza kengele ya dripu. Chombo chenyewe ni kidogo kama kiberiti. Hufungwa kwenye mlingoti wa stendi, na maji ya chupa yakikaribia kwisha hulia, ili muuguzi mwenye wagonjwa arobaini asizunguke usiku kucha akichungulia chupa moja moja. Wazo zuri, na la mtu aliyewahi kumuuguza ndugu. Kijana akaingia katika mpango wa kulea wabunifu. Sitautaja, maana ipo mingi inayofanana nao kama pacha. Kwa miezi mitatu alifundishwa kueleza chombo chake kwa dakika tano, kukadiria soko la Afrika nzima, na kuvaa. Mwishoni alishinda, akakabidhiwa hundi ya boksi kubwa kama mlango.

Mwaka uliofuata nilipita kwa mama yake. Kengele ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikamwuliza kijana kulikoni. "Mradi ulifungwa, Mwalimu," akanijibu. Fedha alizopewa zilikuwa za mbegu. Za kupalilia hazikuwamo katika andiko. Alihitaji kibali cha kujaribu chombo hospitalini, alihitaji vipimo vya maabara, na wale walezi wake walikuwa wameshahamia kundi jingine la vijana.

Sikuridhika. Nilikwenda kwa muuguzi mmoja wa hospitali ya wilaya ambaye tumejirani kwa miaka mingi, nikamweleza habari ya kengele ile. Aliicheka kwa upole. "Mwalimu, wodi yangu ina stendi mbili tu nzima. Chupa nyingine tunazitundika kwenye misumari ya dirisha."

Msumari wa dirisha! Katika miezi mitatu yote, washauri wote, semina zote na chai zote za saa nne, hakuna aliyemchukua kijana yule kwa mkono akampeleka kuuona msumari huo. Angeuona, angebadili kibanio cha chombo chake kwa jioni moja.

Sisi katika chuo hatukumpa mwanachuo cheti kwa sababu alieleza vizuri jinsi atakavyofundisha. Tulimpeleka shuleni akasimame mbele ya watoto sitini, nami nikaketi nyuma kwenye dawati bovu nikiandika. Nilirudi tena na tena. Hata hivyo mlezi wake hasa hakuwa mimi. Alikuwa mwalimu mwenyeji wa darasa lile, aliyejua ni mtoto yupi hajanywa uji asubuhi na ni upande gani wa ubao haushiki chaki. Mwalimu huyo mara nyingi hakuwa na shahada wala Kiingereza cha kutisha. Alikuwa na darasa. Katika shughuli hii ya vifaa tiba mwalimu mwenyeji ni muuguzi, ni mkunga, ni fundi wa vifaa wa hospitali anayetengeneza mashine kwa vipuri vya mashine iliyokufa. Hao ndio wasioalikwa. Anaalikwa bwana wa benki, au bibi aliyefanikiwa katika biashara ya programu za simu. Maarifa yao ni ya kweli, ila ni ya duka lingine. Programu ya simu unaweza kuitoa leo ikiwa na kasoro ukairekebisha kesho. Chombo kinachogusa mwili wa mgonjwa hakina kesho ya namna hiyo: kuna kamati ya maadili, kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iliyochukua kazi hiyo mwaka 2019, kuna kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 13485 kinachotaka kila hatua ya utengenezaji iandikwe na ihifadhiwe. Kazi hiyo ni ya miaka. Na ni kazi isiyo na picha za kupendeza, ndiyo maana haina mfadhili.

Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani shirika liitwalo Design that Matters lilibuni kitanda cha joto cha watoto njiti kilichoundwa kwa vipuri vya gari: taa za mbele za kutoa joto, feni ya kusukuma hewa. Hoja yao ilikuwa na akili, kwamba mahali pasipo fundi wa hospitali hapakosi fundi wa magari. Kiliitwa NeoNurture, na mwaka 2010 jarida la Time likakiweka miongoni mwa ubunifu bora 50 wa mwaka huo. Dunia ilishangilia. Hakikuingia kiwandani, maana hakuna aliyekuwa amejiuliza mapema nani atakitengeneza, nani atakinunua na nani atakifikisha wodini. Nawasifu kwa jambo moja: hawakulificha hilo, bali walilieleza hadharani. Kazi yao iliyofuata, taa ya kutibu manjano ya watoto wachanga iitwayo Firefly, waliifanya pamoja na kiwanda cha MTTS cha Vietnam tangu mwanzo. Waliona kwamba wauguzi, kwa kukosa taa, huwalaza watoto wawili watatu chini ya taa moja, na hivyo hakuna anayepata mwanga wa kutosha. Basi wakatengeneza kitanda chenye nafasi ya mtoto mmoja tu. Hayo huyapati katika semina ya dakika tano.

Na Malawi, jirani zetu, walituonyesha njia nyingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wakishirikiana na madaktari wa watoto wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth iliyoko Blantyre, walitengeneza mashine rahisi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Husukuma hewa puani kwa nguvu ndogo isiyokatika, ili mapafu yasisinyae. Iliitwa Pumani. Matokeo ya majaribio ya Blantyre yalichapishwa mwaka 2014: miongoni mwa watoto wenye shida kubwa ya kupumua waliopewa oksijeni ya kawaida walipona asilimia 44, na miongoni mwa waliowekwa kwenye mashine hii walipona asilimia 71. Ndugu msomaji, usizipite haraka tarakimu hizo. Tofauti yake ni watoto 27 katika kila 100.

Ilifikaje huko? Haikufikishwa na hundi ya boksi. Mpango uitwao Saving Lives at Birth, ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za USAID, serikali ya Norway, mfuko wa Gates na wengineo, ulitoa fedha za mwanzo, kisha ukatoa tena za kuitoa mashine hospitali kuu na kuipeleka wilayani, pamoja na mafunzo ya wauguzi. Mbegu, kisha palizi. Lakini hata hapo nina neno: fedha ile ilikuwa ya wageni, na USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Kifaranga aliyefunikwa kwa mbawa za kuazima hana hakika ya usiku.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimeshajibiwa. "Mzee, kampuni changa nyingi hufa kila mahali duniani, ndiyo desturi ya ubunifu." Haya, ife kampuni ya kuuza kandambili, mteja atanunua kwa mwingine. Lakini wodi iliyoletewa chombo cha majaribio, wauguzi wakajifunza kukitumia, kisha kikaondolewa kwa kuwa mradi umekwisha, itampokeaje mbunifu wa pili? Nimewasikia wauguzi wakisema, "Hao wa picha wamekuja tena." Uaminifu huo unaopotea hauandikwi katika ripoti ya mfadhili. Ripoti huandika vijana 200 waliofikiwa. Kufikiwa ni nini? Hata mvua hutufikia.

Wengine husema kidogo si haba. Kwa unga, sawa. Kwa daraja, nusu ya daraja ni haba kuliko kutokuwa na daraja, kwa sababu kuna mtu atalipanda.

Tena si kweli kwamba hatuna mfano wetu wa kazi ya kudumu. TEMDO, shirika la umma la usanifu wa mitambo lililoanzishwa Arusha mwaka 1980, linatengeneza vitanda vya hospitali, matanuri ya kuchomea taka za hospitali na majokofu ya kuhifadhia maiti. Hakuna anayelia machozi ya furaha jukwaani kwa ajili ya jokofu la maiti, lakini likiharibika mtengenezaji wake hayuko ng'ambo ya bahari. Mtu anaweza kupanda basi akamfuata.

Kwa hiyo nataka mambo yabadilike, na sitaki mengi. Mwenye kutoa fedha azigawe mafungu mawili, na fungu kubwa liwe la baada ya jukwaa: vibali, majaribio, vipuri, nauli ya fundi. Katika meza ya waamuzi akae muuguzi wa wodi na fundi wa vifaa, walipwe posho ile ile anayolipwa bwana wa benki. Bohari ya Dawa iitwe mapema, iseme waziwazi itanunua chombo cha namna gani, kwa masharti gani. Nyaraka za zabuni zinazomwuliza kijana amewahi kuuza wapi, hali yeye ndiye wa kwanza kukitengeneza, zimpe mlango mwingine wa kuingilia. Kila kijana apewe mwenyeji mmoja hospitalini kwa miaka miwili, si washauri kumi na wawili kwa miezi mitatu. Na kile kikombe cha mshindi kisitolewe siku ya sherehe. Kikae kabatini miaka hiyo miwili, kisha waamuzi waende wodini saa nane za usiku, wamwulize muuguzi wa zamu kama chombo kipo, na kama kinalia.